Kabla hujalipia programu ya masomo, uliza itafungukia kwenye mashine gani

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na naona linaelekea kuturudia tena sa hivi ambapo kila shule inataka masomo ya video na kila kijana mwenye laptopu anasema anaweza kukutengenezea programu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, mkoani Tanga. Mwaka 2014 walimu na wazazi tulichangishana tukamlipa fundi mmoja atutengenezee CD ya masomo ya kidato cha pili, yenye picha zinazotembea, sauti na maswali ya kujipima. Sauti alirekodi mwalimu mwenzetu, mama ambaye sasa ameshastaafu, yaani yule mama akieleza mzunguko wa damu hata mtoto wa dawati la mwisho anaacha kusinzia. Kulikuwa na sehemu ya moyo, ukiubofya unadunda, na yeye anahesabu mapigo taratibu, moja, mbili, tatu, watoto nao wanahesabu naye vidole vikiwa shingoni wanatafuta mshipa.

Mwaka 2021 tukapata kompyuta nyingine, naingiza CD, moyo haupo. Mahali pake kuna kiboksi cha kijivu tu. Kumbe kila kitu kilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe ya kuchezesha picha na sauti, na kilikuwa kinafungukia ndani ya brauza (programu ya kufungulia tovuti), na Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, ilipofika tarehe 12 Januari wakaizuia isicheze kabisa, brauza nazo zikaitoa. Fundi kashahama na namba haipatikani. Mafaili asili hatukuwahi kumdai, tulipokea CD na risiti tukashukuru tukarudi darasani.

Sasa nikisikia shule jirani wanatafuta mtu wa kuwapakia video, sauti na maswali kwenye programu moja ya kompyuta, najisikia vibaya, kwa sababu swali wanalouliza ni bei na rangi za menyu. Hakuna anayeuliza imefungashwa kwa kitu gani.

Vijana wengi watakutajia Electron, zana ya kufungasha kurasa za tovuti ziwe programu ya kompyuta. Ni bure, ilianzia kampuni ya GitHub mwaka 2013, na mtu anayejua kutengeneza tovuti anaiweza bila kujifunza upya. Siipingi. Ila ujue inavyofanya kazi: kila programu inabeba brauza yake nzima tumboni, kwa hiyo hata ukiandika neno moja la salamu mzigo unazidi MB 100 kabla hujaweka video hata moja, na ukiifungua inakula RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) kama brauza inavyokula. Mwaka jana kijana mmoja alituletea ya kwake kwa majaribio. Kwenye laptopu yake inateleza. Tukaipeleka chumba cha kompyuta, mashine zina RAM ya GB 2 na Windows 7, ikakataa hata kufunguka. Alihangaika mpaka jioni, anafuta anainstoli tena, feni ya mashine inalia, mwisho tukagundua toleo la mwisho la Electron linalokubali Windows 7 ni la 22, kuanzia la 23 lililotoka mwaka 2023 hawaitaki tena. Yeye katengeneza kwa toleo jipya. Wala hakuwa mzembe, hakuna mtu aliyemwambia mashine zetu zikoje na yeye hakuuliza.

Halafu kuna Tauri, zana nyingine ya kufungashia, ambayo watu wanaipenda kwa sababu ni nyepesi mno, MB chache tu. Wepesi wake unatokana na kwamba haibebi brauza, inaazima ile iliyopo kwenye mashine, kwa Windows inaitwa WebView2. Windows 11 wanayo tayari. Mashine ya zamani isiyo na intaneti inaweza ikawa haina, inabidi uipakie wewe kwenye instola (faili la kusakinishia programu) na hapo unaongeza kama MB 127, ule wepesi uliousifia umeondoka. NW.js ni ndugu wa Electron, lakini ukiichukua kama ilivyo haina kodeki (kifungua video) ya H.264, mbano wa video unaotumika sana, yaani MP4 nyingi hazichezi mpaka ubadilishe faili lake la kuchezeshea video, ffmpeg. Godot, zana ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ni tamu kwa michezo na maswali ila video inayoijua yenyewe ni ya aina ya Ogg Theora, kwa hiyo jiandae kubadilisha video zako zote.

Wengine watasema kwani shida yote hii ya nini, si uweke folda yenye ukurasa wa tovuti (HTML) na video zake, mtoto afungulie kwenye brauza basi. Na mimi kwa masomo ya kuangalia tu nakubali kabisa, ndo ninachofanya. Tatizo linakuja kwenye maswali na alama, kwa sababu ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski brauza inauzuia kusoma mafaili mengine ya data kwa ajili ya usalama. Hapo ndo unahitaji kufungasha kweli.

Ninachokiomba kwa walimu wakuu na kamati za shule ni kwamba somo likae pembeni na kifungashio kikae pembeni. Video ziwe MP4 za H.264, sauti MP3, picha na maandishi kwenye folda zinazofunguka hata bila ile programu. Kiwix, wanaosambaza Wikipedia ya kusoma bila intaneti, wanafanya hivyo miaka yote, faili la maudhui ni lake na programu ya kusomea ni yake, programu ikibadilika faili lako lipo. Mtu akikuletea kila kitu kimemezwa ndani ya faili moja la programu (exe) usilipe kwanza.

Na hilo faili moja lina shida nyingine ambayo imetupotezea siku nzima. Flashi nyingi za USB tunazonunua zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 hata flashi iwe na nafasi ya GB 30. Tulikaa tunakopi, inakataa, tunadhani flashi ni feki, tukanunua nyingine, ikakataa vilevile. Masomo yakiwa mafaili madogo madogo yanapita yote.

Kitu kingine ni ile skrini ya bluu ya Windows inayosema imeilinda kompyuta yako, mara nyingi inatokea kwa sababu Windows haiitambui programu, hasa ikiwa haina sahihi ya kidijitali, na hiyo sahihi kwa kawaida inanunuliwa. Walimu wengi wakiiona wanafunga haraka wanajua ni kirusi. Fundi aandike kwenye karatasi ya maelekezo, kwa Kiswahili, ubofye wapi, na karatasi ibandikwe ukutani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, aje na flashi, aikopi kwenye mashine mbovu kuliko zote mlizonazo, intaneti izimwe, afungue mbele yenu na mtoto ajaribu. Mafaili asili yote muyapokee siku hiyohiyo ya malipo ya mwisho, na liandikwe kwenye mkataba. Windows 10 nayo Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine zetu nyingi hazina sifa za kuwekewa 11, maana yake tutakuwa na hizihizi miaka mingi bado, zitengenezewe vitu vinavyoziweza.

Ile CD yetu sikuitupa. Kuna programu ya bure inaitwa Ruffle inayochezesha mafaili ya zamani ya Flash, moyo umedunda tena japo maswali hayahesabu alama. Sauti nimeitoa kwa JPEXS, programu ya kufungua mafaili ya Flash na kutoa vilivyomo, nayo ni bure, ikatoka nzima. Sasa ipo kwenye folda ya kawaida, faili linaitwa moyo.mp3, nikampigia simu yule mama nikamchezea, akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kumbe mnayo bado?" Kidato cha pili wa mwaka huu wamehesabu naye.

Mwalimu wa baiolojia,
Tanga