Mstari aliouacha wazi

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, na kuchelewa kukujibu si uvivu. Nimekuwa nikikujibu kichwani kila siku, halafu nafuta. Unauliza mtu asiyehubiri, asiyeimba kwaya, ambaye akisimama mbele za watu sauti inamkauka, Mungu atamtumia kwa lipi. Unasema tangu mwaka uanze unaomba "Bwana nitumie" na hujaona kitu.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijamwambia mtu, maana linanitia aibu.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi hospitalini nikisubiri majibu ya vipimo. Si vya kutisha, usihangaike. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, fomu mapajani. Akaniomba kalamu. Nikampa bila hata kumtazama, kwa sababu nilikuwa na simu mkononi; kwenye kundi letu la maombi kuna mtu alikuwa ameleta haja yake, nami naandika "Amina, Mungu atatenda." Mama akaandika kidogo, akatulia, akaandika tena. Kisha akanigusa kiwiko.

"Samahani mwanangu, hapa kwenye ndugu wa karibu niandike nani?"

"Yeyote tu, mama," nikamwambia. "Wanachotaka ni namba ya simu." Nikarudi kwenye Amina yangu.

Alipoitwa, alinirudishia kalamu kwa mikono miwili, akashukuru. Wakati anainuka ndipo nilipoiona fomu. Kote amejaza kwa herufi kubwa, za kukazia, kama mtoto anayeogopa kukosea. Mstari ule mmoja tu ndio aliouacha. Alikuwa ameanza jina, herufi tatu hivi, akalikata. Nami nikaelewa kwamba sikuwa nimeulizwa habari za fomu. Kuna mtu aliyezoea kuandikwa pale, na hayupo tena.

Nilitaka nimsubiri atoke. Nikaitwa mimi kwanza, na niliporudi benchi lilikuwa na watu wengine.

Sasa tazama: hakuhitaji mahubiri yule. Kama ningeweka simu chini na kumuuliza, "Kwani nyumbani uko na nani, mama?" ingetosha. Maneno sita. Hata wewe sauti isingekukauka.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria sana habari ya haraka. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1973 na wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia kule Princeton, Marekani, wakawatuma mmoja mmoja kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa mfano wa Yesu aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi, wengine mada tofauti. Njiani akawekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wale ambao hawakuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Na mada waliyokuwa wakienda kuizungumzia haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka yule mtu wakikimbilia kuhubiri habari za Msamaria. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka. Safari hii sikucheka.

Kwa hiyo siku hizi ombi langu limebadilika. Sisemi tena "nitumie" kana kwamba Mungu ana uhaba wa kazi. Naomba anipunguzie mbio.

Ila nisikudanganye, kusimama kuna gharama, na mara nyingine anayeilipa ni mtu mwingine. Kila nikisoma Marko sura ya tano namwonea huruma Yairo. Binti yake wa miaka 12 yuko mahututi, amempata Yesu, wako njiani, halafu Yesu anasimama katikati ya umati kuuliza ni nani aliyegusa vazi lake. Na yule mama aliyekuwa akitokwa damu, kwa miaka 12 vilevile, anaanza kueleza yote. Yote, Marko anasema. Wakiwa bado pale, habari inafika kwamba mtoto amekwisha kufa. Tunajua mwisho wake ulikuwa mwema, lakini Yairo dakika ile hakuujua.

Na wala si kila haja ni yako. Kule Kapernaumu wanafunzi walimwambia Yesu kwamba watu wote wanamtafuta, naye akasema twende miji mingine. Nakuambia hili kwa sababu nakufahamu. Ukishika jambo unalishika kwa meno. Ukianza kumwinda kila unayekutana naye ili Mungu akutumie kwake, watakukimbia, na watakuwa na haki. Mtu hunusa mara moja kwamba amefanywa mradi wa kiroho wa mwenzake. Mimi limenipata hilo kanisani kwenyewe, nikabanwa kwenye kona na mtu aliyekuwa na "neno" langu lakini hakuniuliza hata hali.

Ninayempenda zaidi ni yule binti mateka katika nyumba ya Naamani. Hana jina. Ametekwa kwao Israeli, anamtumikia mke wa Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Anatamka sentensi moja tu, tena kwa bibi yake, wakiwa nyumbani: laiti bwana angemwona nabii aliyeko Samaria, angepona ukoma. Baada ya hapo barua inaandikwa, farasi wanatandikwa, mfalme wa Israeli anararua mavazi, na yeye hatajwi tena. Naamani anarudi na ngozi kama ya mtoto mchanga. Kama kuna aliyekumbuka kumshukuru yule binti, haikuandikwa.

Sasa nirudi kwenye barua yako, maana nimeisoma mara tatu. Ukurasa wa kwanza unasema hujaona kitu. Ukurasa wa pili, kule chini, unalalamika kuhusu mwenzako wa kazini anayekuja mezani kwako kila siku kuazima chaja, halafu haondoki, anasimama tu akichezea ule waya. Umeandika "ananichosha" na ukapiga mstari chini yake.

Kesho akija, mvutie kiti. Usimwambie lolote la maana. Kisha niandikie alichosema, na kama hakusema kitu, niandikie hivyohivyo.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo.