Paka anayekoroma si wa kupewa parasetamoli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie paka wa Lamu, ambao mara kwa mara husikika wakikoroma vibarazani, makamasi yamewaganda puani na matongo yamewafumba macho. Wengi wetu husema ni baridi tu. Aghalabu huwa ni mafua ya paka, yaletwayo na virusi vya hepesi au vya kalisi, ambavyo haviwaambukizi binadamu lakini hupita kwa wepesi kutoka paka mmoja hadi mwingine wanapolia sahani moja ya vichwa vya samaki.

Wangu alisusa hata dagaa kwa siku nzima, kwa kuwa paka asiyesikia harufu hali. Nilipomfuta pua kwa pamba yenye maji vuguvugu na kumpashia samaki moto kidogo, alianza kulamba mchuzi. Jirani, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameniletea parasetamoli, dawa ambayo hata kidonge kimoja chaweza kumuua paka. Na anayehema kwa mdomo wazi asingojewe mpaka asubuhi, bali apelekwe kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Msomaji,
Langoni, Lamu