Takwimu zinapanda wilayani, hazirudi zahanati

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mifumo ya kusaidia maamuzi katika taasisi za umma. Mwandishi amesifu sana dashibodi: kioo kikubwa ukutani, kijani, njano na nyekundu, kiongozi akitupa jicho tu anajua pa kuanzia. Sibishi. Ila mimi nimejaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, miaka ishirini na sita, na namba za kwenye kioo kile huanzia mikononi mwa watu kama mimi. Naomba nafasi nami niseme.

Kwa asiyeijua kazi hii, zahanati ina kitabu kwa kila huduma. Namba 5 ni wagonjwa wa nje, 6 wajawazito, 7 watoto, 12 waliojifungua. Mwisho wa mwezi unakaa unahesabu vijiti, vinne na kimoja cha kuvikata, unajaza muhtasari na kuupeleka wilayani. Huko siku hizi wanauingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu, ulioanzia Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 na kukuziwa Chuo Kikuu cha Oslo, leo unatumika katika nchi nyingi. Mfumo mzuri, sina ugomvi nao. Kwa hesabu yangu nilipeleka taarifa zaidi ya mia tatu. Zilizorudi na maelezo, nikaambiwa zahanati yako iko hivi na ya jirani iko vile, hazifiki tano. Zilizorudi kwa sababu nimekosea kujumlisha siwezi kuzihesabu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu tuliwahi kufanya vizuri zaidi, na kwa vifaa duni zaidi. Wenye umri wangu wanaukumbuka mradi wa TEHIP, ambao Wizara ya Afya iliuendesha pamoja na shirika la utafiti la Canada, IDRC, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye magonjwa yanayoua watu wa wilaya hiyo? Hadi hapo bajeti nyingi zilikuwa za kunakili ya mwaka uliopita, au kufuata mfadhili anapenda nini.

Walichopewa waganga wakuu wa wilaya ilikuwa programu nyepesi ya kompyuta yenye kuchora michoro. Mmoja unaonyesha kila ugonjwa unapoteza miaka mingapi ya uhai wa watu, wa pili unaonyesha kila ugonjwa unapewa shilingi ngapi. Ukiiweka sambamba huhitaji profesa. Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilipata asilimia 5. Kifua kikuu, kisichofika asilimia 4 ya mzigo huo, kilibeba asilimia 22 ya fedha.

Na takwimu za mzigo wa magonjwa hazikutoka kwenye Kitabu namba 5. Hapa ndipo wengi wanapopitiwa. Kitabu kinamjua aliyefika zahanati. Mtoto aliyefia nyumbani usiku, baada ya homa ya siku mbili, kitabu hakimjui. Kwa hiyo wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba, na penye msiba waliketi na wafiwa na kuuliza ugonjwa ulianzaje, ulikwendaje. Wilaya zikahamisha fedha: vyandarua vyenye dawa, mafunzo ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa kumkagua mwili mzima badala ya kukimbilia dalili moja. Nyongeza ya fedha haikufika dola moja kwa mtu kwa mwaka. Vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano hivi. Sitasema ni michoro peke yake iliyofanya kazi hiyo, wakati huo mengi yalikuwa yanabadilika, lakini aliyepanga fedha alikuwa na picha ya watu wake mwenyewe mbele yake.

Sasa jambo la pili, ambalo hata TEHIP haikuligusa sana.

Nilipostaafu nilifanya makabidhiano. Friji ya chanjo moja, mizani mbili, vitanda, funguo, vitabu. Tukasaini mimi, mrithi wangu na mwenyekiti wa kijiji. Karatasi ile ilijali mpaka ndoo. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandika ninachokijua.

Februari iliyofuata kijana aliyenirithi akanipigia simu.

"Shikamoo mzee. Nimeandikiwa barua ya kujieleza. Chanjo zimeshuka, wilayani inaonyesha nyekundu."

"Marahaba. Umekwenda bondeni?"

"Bondeni kufanya nini, mzee?"

Pale kwetu, mpunga unapoanza kuzaa, mama na watoto wanahamia shambani. Wanaishi juu ya madungu, vibanda vya miguu mirefu, wakiamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka mavuno. Kijiji kinabaki na wazee na kuku. Kila mwaka nilikuwa naazima mtumbwi, nachukua kasha la baridi na kwenda huduma ya mkoba mara mbili kwa mwezi, kituo changu kikiwa chini ya mwembe mmoja ambao akina mama wote wanaufahamu. Kwenye mfumo hilo halikuonekana kamwe. Chanjo hazikushuka, basi hapakuwa na cha kuuliza, na kwa kuwa hapakuulizwa hapakuandikwa. Hata hiyo akili mnemba mnayotuahidi, ikisomeshwa taarifa zangu zote mia tatu, haitalikuta neno dungu humo.

Kijana akapewa onyo kwa uzembe. Bingwa wa kujaza fomu, tena ana moyo wa kazi kuliko nilivyokuwa mimi umri wake.

Ombi langu kwa wanaopanga mifumo hii ni dogo. Kila muhtasari unaopanda, irudi karatasi moja zahanati, mchoro na maneno mawili ya Kiswahili, ibandikwe mahali ambapo muuguzi na kamati ya zahanati wataiona. DHIS2 ina sehemu ya kuandika maelezo kando ya namba. Itumike, na mtu wa wilayani ayasome kabla ya kuandika barua ya onyo. Na fomu ya makabidhiano iongezwe ukurasa: watu wanahama lini na wanakwenda wapi, barabara ipi inakatika, kitongoji gani unaanza na mzee yupi ndipo ukubaliwe. Anayestaafu akae na anayeingia walau mwezi mmoja, kwa posho. Najua jibu litakuwa hakuna fungu. Warsha za kuzindua dashibodi zina fungu.

Machi ile nilipanda mtumbwi pamoja na kijana, nikamwonyesha mwembe na vijia vya kwenda madunguni. Njia nzima alikuwa akiandika, kwenye daftari la mistari alilolinunua dukani kwa fedha yake, kwa sababu MTUHA haina kitabu cha mambo hayo.

Tabibu mstaafu,
Mkoa wa Pwani