Hakuna aliyeshuka, lakini si kubahatisha

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba habari za kiini cha dunia ni ngano za maprofesa, maana hakuna aliyeshuka akakiona. Kuhusu kushuka sibishi. Shimo la Kola kule Urusi, lililochimbwa kwa utafiti, liliishia kilomita 12 na ushei; hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371.

Lakini tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, nilikuwa Bukoba nasahihisha madaftari barazani. Kwanza mabati yaligongagonga, nikadhani lori linapita. Sekunde chache baadaye ukuta ukaanza kuyumba. Hayo yalikuwa mawimbi mawili ya tetemeko la ardhi yaliyoondoka pamoja, moja likiwa na mbio zaidi. La kwanza husukuma na kuvuta. La pili hutikisa kwa ubavu, na ndilo lililotuvunjia nyumba. Pengo kati yao hupima umbali: kila sekunde ni kama kilomita nane. Vituo vingi vya kupimia matetemeko vikilinganisha saa zao, chanzo hujulikana. Ndivyo ilivyopatikana kwamba tetemeko letu, la ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, zaidi ya mara tatu ya shimo la Kola.

Wimbi hilo la pili halipiti kwenye kimiminika. Tetemeko kubwa likipiga upande huu wa dunia, wimbi hilo halifiki ng'ambo ya pili moja kwa moja. Ndiyo maana tunajua kuwa kiini cha nje kimeyeyuka. Kisha Inge Lehmann, mtaalamu wa matetemeko wa Denmark, akichunguza tetemeko la New Zealand la 1929, akakuta mawimbi hafifu mahali yasipotarajiwa. Mwaka 1936 akaeleza kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine kinachoyarudisha. Hakuwa na kompyuta. Kadi zake zenye habari za matetemeko, jamaa yake alisimulia, alizipanga kwenye maboksi ya nafaka.

Wataalamu hukosea, hilo nakubali. Chombo cha anga cha InSight kilitega sikio kwenye sayari ya Mirihi kuanzia 2018 hadi 2022. Mwaka 2021 walisema kutoka katikati ya kiini cha sayari ile hadi ukingoni ni kama kilomita 1,830. Mwaka 2023 wakashusha hadi chini ya 1,700, baada ya kusikiliza upya mawimbi ya kimondo kilichoanguka mbali na chombo.

Nanyi gazetini, mkiripoti tetemeko msitaje ukubwa peke yake. Tajeni na kina, maana la kilomita 10 na la kilomita 40 hayafanani kwa aliyelala juu yake.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Bukoba