Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tulioenda zoo

Wamama, wababa, na nyinyi vijana wa chama, jambo kwenu wote.

Juu ya viti na turubai sitasema mengi. Viti viko, turubai moja imepasuka, na mweka hazina atasoma hesabu yake baada yangu. Misiba ilikuwa mitatu, tulikaa nayo yote mpaka mazishi. Mimi nataka kuongea juu ya matembezi ya zoo, maana ndiyo yaliyokula pesa nyingi, na ndiyo yaliyoleta maneno.

Mnakumbuka mabishano ya Machi. Wengine walitaka twende Kipopo, watoto wachezee majini. Mzee wetu mmoja akauliza kwa nini tulipe makuta kwenda kumtazama mamba amelala. Zoo ikapita kwa tofauti ya kura nne tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Juni, baridi ile ya Lubumbashi inayotoa moshi mdomoni. Tulikusanyika saa moja. Kombi ya kwanza ilifika saa mbili na nusu, ya pili hatukuiona mpaka leo, na pesa ya avansi mwenye kombi alikwisha kula. Tukapakatana, tukaenda kwa safari mbili. Kosa ni langu, nilitoa pesa bila karatasi.

Yule mzee wa mamba ndiye aliyegeuka kuwa mwalimu wetu. Alizaliwa mji ukingali Élisabethville, jina lililoondolewa mwaka 1966, na utotoni baba yake, mtu wa shaba, alikuwa akimleta pale Jumapili. Alisimama mbele ya kizimba kitupu akatueleza miaka ya 1990. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1993 hazikufika 50,000. Katikati ya hapo, mwaka 1991, uporaji ulikuwa umepita mjini. Posho ikakatika, baba wa nyumba akarudi mikono mitupu. "Watu wenyewe walikosa bukari," mzee akasema, "simba nani angempa nyama?" Wanyama walikufa na njaa, wengine wakaishia kwenye sufuria. Zoo ilikuja kuinuliwa tena baada ya vita. Mimi nimepita kwenye ukuta ule miaka yote, sikuwahi kujiuliza.

Mamba, kweli, alikuwa amelala.

Ila kwa masokomutu, ndio sokwe, tulikaa karibu saa nzima. Kituo chao ni J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau ili kulea watoto wa sokomutu walionyang'anywa wachuuzi. Huku kwetu si kwao, wanatolewa misitu ya kaskazini, na wengi hupitishwa hapa kwa sababu barabara ya kwenda nje iko hapa. Mmoja alikaa karibu na waya. Aliokota jani kavu, akaligeuza, akalifuta kwenye goti, akalitia mdomoni, akalitoa tena akalitazama, kama mama anayechagua kalanga sokoni. Watoto wakanyamaza bila kuambiwa.

Mlinzi akawaeleza kwamba mtoto wa sokomutu hunyonya mpaka miaka minne au mitano, amemshika mama yake tumboni, na mama hamwachii mtu. Anayemtaka mtoto lazima amuue mama kwanza. Akasimulia pia ya Septemba 2022, wezi walipoingia kituoni wakaiba watoto watatu wakidai walipwe, na kituo kikakataa, maana ukilipa leo kesho watarudi.

Hapo binti mmoja wa chama chetu akauliza kwa sauti: "Na kima yetu ya nyumba, mama yake iko wapi?"

Baba yake simtaji. Wote mnaopita kwake mlimwona yule kima, kamba kiunoni, chini ya mpera. Baba alitazama viatu vyake. Wiki mbili baadaye alikuja kwangu usiku, akaniomba nimsindikize, tukampeleka kima kwa watu wa zoo. Njiani alinishika kidole muda wote, yule kima. Mkono una joto.

Komite sasa inaleta mbele yenu kifungu kipya cha kanuni: mwanachama asifuge wala kununua mnyama wa pori. Sheria ya nchi nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama hao tayari, hatubuni kitu. Nimesikia wanaosema chama kimegeuka polisi. Waseme hapa, siyo kwenye msiba wa watu.

Jambo la mwisho linaniuma. Watoto tisa walibaki nyumbani kwa sababu wazazi hawakumaliza mchango. Tulifuata kanuni, niliisimamia mwenyewe. Jioni ile mmoja wao alikuja mlangoni kwangu, hakuomba chochote, alitaka tu kujua kama sokomutu ana mkia. Hana. Naomba tupige kura leo: mwaka ujao tiketi ya mtoto itoke kwenye kasa, pesa ya chama, na deni la mzazi libaki la mzazi.

Mweka hazina, leta daftari.