Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tiba ya watoto ambao mwili hauwatii ipande gari la mkoba

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Newala. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Nina ombi moja, na naliweka hapa juu kabisa ili hata ukikatishwa na simu uwe umeshalisoma: halmashauri zetu zinapoandaa mipango ya afya, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kuziweza kazi za kila siku kama kuvaa na kula, atengewe kiti kwenye gari la huduma ya mkoba. Nasema gari lile lile linalopeleka chanjo vijijini. Sikuombi jengo wala mashine.

Kila mwaka ninapokea watoto wawili watatu ambao mwili wao hauwatii. Ninaye mvulana wa miaka sita sasa hivi. Vifungo vya shati anafungwa na bibi yake. Penseli anaishika kwa ngumi nzima kama mchi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, na baada ya mstari mmoja mkono umechoka. Wenzake wakiruka kwa miguu miwili, yeye mmoja unanyanyuka, mwingine unabaki chini. Fremu ya mlango anaigonga kwa bega karibu kila asubuhi, na mlango haujahama. Bodaboda ikipita anaziba masikio. Kisamvu hali, kwa sababu nyuzi zake zinamtapisha. Si mjinga hata kidogo: ukimuuliza hesabu kwa mdomo anakujibu kabla hujamaliza swali.

Huku mtoto wa namna hiyo ana majina mengi. Mvivu, mzito, ana kiburi, ana mashetani. Shuleni anachapwa kwa kuchafua daftari, nyumbani anachapwa kwa kumwaga uji. Ila wataalamu wanakadiria kuwa kati ya watoto 100 wa umri wa shule, 5 au 6 wana shida ya kuratibu mwendo wa mwili. Darasa langu la watoto 60 kwa hiyo halina mkosi wowote. Lina hesabu ya kawaida.

Wewe ni daktari, hili unalijua kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa na wazazi pia. Tunafundisha milango mitano ya fahamu, tunaishia hapo. Kuna mingine miwili ambayo haimo kwenye chati ukutani: ule wa sikio la ndani, unaoiambia akili kichwa kimeinama wapi na mwili unakwenda upande gani, na ule wa misuli na viungo, unaokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni gizani bila kukosea. Habari hizo zikifika kwa fujo, nyingine zikiwa kali mno na nyingine hafifu mno, mkono nao utafanya kazi kwa fujo. Mmarekani mmoja, A. Jean Ayres, aliyekuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia, ndiye aliyeijenga hoja hiyo kuanzia miaka ya 1960, na tiba za bembea, kuruka, kutambaa na kusukuma vitu vizito zimetokana sana na kazi yake.

Tusidanganyane, lakini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilionya mwaka 2012 kwamba utafiti juu ya tiba hizo ni mdogo, na kwamba mzazi asiahidiwe makubwa. Kilichoonekana kusaidia zaidi mwendo wa mwili ni mtoto kufanya mazoezi ya jambo lenyewe analotakiwa kuliweza, likikatwa vipande vidogo, mara nyingi, huku mtu anayejua akimwongoza. Ndiyo maana sipendi tupelekewe bembea za rangi rangi ili zipigwe picha. Naomba mtu. Baada ya miezi mitatu tumuulize swali la kijinga kabisa: mtoto anafunga vifungo vyake, au bado?

Na hapo ndipo hospitali ya mbali inaposhindwa, hata iwe nzuri namna gani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imetupunguzia safari za Dar es Salaam, tunashukuru. Lakini kutoka Newala hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 100, na tiba hii haifanani na sindano kwamba ukishachomwa umemaliza. Ni kazi ya kila siku nyumbani. Mtaalamu anakuja kupima, kumfundisha mlezi, na kuongeza ugumu wa zoezi. Bibi wa mtoto niliyemtaja aliwahi kuuza kuku akampeleka hospitali moja, akaambiwa na mtu wa zamu, “Atakua tu.” Akaniambia, “Mwalimu mwanangu, kukua nakuona mwenyewe. Nataka avae shati.”

Vifaa tunavyo. Kamba ya katani na mkorosho wa kivuli vinatosha kwa bembea. Gunia lililojazwa nusu, mtoto akilisukuma kutoka mlangoni hadi kwenye mti, linaamsha misuli na viungo vyake vyote. Maji tunayahangaikia huku juu kila siku, basi kindoo cha lita 3 ni kazi ya nyumbani na ni zoezi. Udongo wa kufinyanga upo. Na msimu wa korosho ukifika, kukonyoa korosho kwenye bibo kunataka mikono miwili, mmoja ushike na mwingine uzungushe, ambayo ndiyo kazi ya kifungo na kishimo chake. (Kubangua, hapana. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, mtoto asiguse.)

Utauliza, kama mnajua yote hayo mnamtakia nini mtaalamu? Kwa sababu mimi sijui nimzungushe mtoto kiasi gani kwenye bembea kabla hajatapika, wala nifanyeje na mwenye kifafa. Sijui yupi ana usonji, yupi ana mtindio wa ubongo mwepesi, na yupi haoni vizuri tu anahitaji miwani. Mtoto anayeogopa kuguswa ukimlazimisha kutia mikono kwenye tope, unaweza kumharibu zaidi.

Kuna pengo jingine ambalo wewe ndiye wa kuliziba. Kliniki inamshika mtoto vizuri mpaka chanjo ya pili ya surua, akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kadi inawekwa sandukuni. Shida hizi zinajitokeza wazi kati ya miaka mitatu na sita, wakati hakuna wa afya anayemtazama, na wa kwanza kuziona ni mwalimu wa awali. Gari la mkoba likisimama zahanati, lisimame na shuleni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuuliza maswali manne matano: anajikwaa? anashikaje kijiko? anaziba masikio?

Na mkiita wazazi, iteni wajomba. Umakondeni mama anaweza kukubali yote, mjomba akasema ni mashetani, mambo yakaishia kwa mganga wa kienyeji.

Fedha. Ushuru wa korosho wa asilimia 3 unaingia halmashauri kila msimu wa minada. Ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mikopo, haimfikii mtoto wa miaka mitano, ingawa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja huduma za afya na utengamao bila kubagua umri. Wataalamu hawa wanasomeshwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi. Ni wachache, najua. Basi aanze mmoja, azunguke Newala, Tandahimba na Masasi kwa zamu, alipwe posho kama wanavyolipwa wa chanjo.

Upande wetu tuko tayari. Orodha ya watoto ninayo, wazazi wameridhia, na mwenyekiti wa kijiji ametupa ofisi yake kwa siku za kliniki. Tupatie tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa darasa la awali, Newala

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Mkoa wa Mtwara, Ofisa Elimu Mkoa