Jirani aulizwe kabla shamba halijageuzwa depo

Bwana Mhariri,

Ninalima mahindi, maharage na matembele katika komini ya Annexe, kule lami inakoishia. Shamba nilirithi kwa mama, naye alipewa na shefu wa kijiji wakati jiji la Lubumbashi lilikuwa bado mbali nasi. Miaka miwili iliyopita jirani yangu wa upande wa juu aliuza shamba lake. Simlaumu, alikuwa na mgonjwa hospitalini. Mnunuzi alituambia atapanda mahindi. Tukaona ukuta unapanda, halafu geti la chuma, halafu malori. Leo pale ni depo ya kununulia mawe ya madini. Usiku malori yanalala nje ya geti yakingoja mizani ifunguliwe.

Mvua ikinyesha, maji ya uwanja ule yanatoka chini ya ukuta na kushuka kwangu. Msimu uliopita maharage yaliyo kando ya mfereji yaligeuka njano kabla ya kutoa ua. Sina maabara, kwa hiyo sitasema ndani ya maji yale mna nini. Ninasema nilichokiona: mistari iliyo mbali na mfereji ilizaa, ile ya karibu haikuzaa. Mama mmoja anayelima chini yangu ameacha kuchota maji ya kisima chake kwa kupikia, anatuma watoto mbali.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kila mtu anajua Penga Penga, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa ile dohani kubwa ya kiwanda cha shaba kwa miaka mingi. Moshi ulipungua, lakini udongo haukupona. Shaba ikishaingia ardhini haiondoki kwa mvua ya mwaka mmoja wala ya miaka ishirini. Nyumba unaweza kuibomoa na kujenga nyingine. Udongo wa shamba ukishaharibika, mjukuu wako ataukuta vilevile.

Nilikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikaniambia mwenye depo ana karatasi zake zote. Nikauliza: karatasi hizo zinasema shamba au zinasema biashara? Hakuna aliyenijibu.

Swali hilo si la mtu mkorofi. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, yaani serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Sheria hiyohiyo inagawa ardhi kwa kazi yake: ya kukaa watu, ya viwanda, ya kulima, ya kufuga. Maana yake, anayenunua haki ya kulima amenunua haki ya kulima. Akitaka kuweka mizani na malori, arudi kwa Leta aombe upya, na anayeombwa atoke ofisini aje kutazama maji yanateremkia kwa nani.

Shida yetu sisi wakulima wa pembeni ni kwamba wengi tuna karatasi ya shefu tu, hatuna hati kutoka kwa msajili wa ardhi. Ibara ya 389 ya sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za jamii zinazolima kwa desturi. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na amri hiyo haijatoka. Mwenye depo anakuja na hati yenye muhuri, mimi ninakuja na kumbukumbu za mama yangu. Ofisini mnajua nani anasikilizwa kwanza.

Wapo watakaosema depo inawapa vijana kazi. Ni kweli. Mwana wa dada yangu anapakia magunia palepale, na pesa anayoleta jioni ninaiona kwa macho. Sisemi depo zifungwe. Ninasema kuna sehemu za viwanda katika jiji hili, ziende huko. Maana jiji hili linakula bukari, ugali wetu wa mahindi, kila siku, na unga mwingi unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia hadi serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa, sisi huku tuliuhisi sufuriani. Mashamba yanayozunguka mji hayawezi kututosha sote, najua, lakini kila moja linalogeuzwa uwanja wa malori linatuongezea foleni kule mpakani.

Ninaomba kwa burgumesta, mkuu wa komini yetu, na kwa wakubwa wa ardhi wa mkoa: kabla ya kuruhusu shamba libadilishwe kazi, bandikeni tangazo palepale shambani, kwa Kiswahili, siku thelathini. Waiteni tunaopakana nalo, hata sisi wa karatasi ya shefu. Na kwa depo ambazo zimeshajengwa, tumeni mpimaji achukue maji ya mfereji na ya visima, na majibu yasomwe mbele ya watu wa kartye, yaani mtaa.

Mvua zinakaribia. Upande wa juu wa shamba nimeuacha wazi mwaka huu, hatua arobaini kutoka ukutani, na mbegu ya sehemu hiyo bado iko ndani ya gunia nyumbani.

Mkulima wa Annexe,
Lubumbashi